Mguu Wangu Ulikuwa Ndani

Mwaka jana nilikwenda Kindu kwa arusi ya mtoto wa ndugu yangu. Jioni moja niliwakimbia wapishi na kelele zao, nikaenda kuketi kando ya kiwanja cha basket, hapo mtaa wa Kasuku, na karanga zangu mkononi. Kijana mmoja alikuwa akipiga picha za mchezo. Alilala kifudifudi chini ya kikapu, akainuka akakimbilia kona, akapanda ukuta, akageuzia mgongo upande wowote alioutaka. Hakuna aliyemkemea. Nilimtazama kwa wivu mpaka karanga zikaisha.

Wewe uliyekulia Zaire utanielewa bila maelezo. Wengine nivumilieni.

Wakati wetu, kwenye ukuta wa shule, juu ya kikapu cha upande huo, ilitundikwa picha kubwa ya Kiongozi wa nchi, kofia ya chui kichwani, macho yakitufuata hata tulipokwenda kunywa maji. Sheria haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: mpiga picha hampi Kiongozi mgongo, wala hakati kichwa chake. Kwa hiyo fundi wetu wa picha alikuwa na mahali pamoja tu, juu ya kiti, chini ya kikapu cha upande wa mto, akitazama shule. "Kwanza kichwa ya Kiongozi," alisema, "kisha balo," yaani mpira. Ukikuta picha za basket za miaka ile, utaona uso mmoja mkubwa umetulia, na chini yake wasichana wadogo kama mchwa wanagombea kitu kisichoonekana vizuri.

Mimi nilikuwa mchwa mmojawapo. Nilikuwa mrefu kupita umri wangu, miguu myembamba, magoti yakigongana. Bibi aliyenilea alijitahidi kuijaza miguu ile kwa wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kila alasiri mlio wa mchi wake ulisikika hadi kiwanjani, na nikikosea kurusha nilidhani ananipigia makofi ya dhihaka. Sikuwa mzuri wa hesabu wala wa kushona. Kurusha mpira kutoka kona, hapo ndipo nilipokuwa mtu.

Basi tukacheza na wasichana wa ng'ambo ya mto. Dakika za mwisho, tukiwa nyuma kidogo tu, nilirusha kutoka kona ya upande wa mto na mpira ukaingia. Watu waliruka. Mwamuzi akainua kiganja chake juu, wazi, akakishikilia hapo kama mtu anayekula kiapo. Alisema mguu wangu ulikuwa umekanyaga nje.

Mguu wangu ulikuwa ndani. Wote walioketi kona ile waliuona. Lakini kapteni wa ng'ambo alikuwa mpwa wa mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe alikuwa mkubwa wa vijana wa chama, tena jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba amesema uongo. Akanifukuza kiwanjani kwa msimu mzima, kwa kukosea heshima mamlaka. Shahidi pekee ambaye angeweza kuniokoa ni kamera, na kamera ilikuwa ikitazama upande wa pili. Kikapu changu kiliingia juu ya kisogo cha fundi.

Adhabu ningeivumilia. Kicheko sikukiweza. Kila jioni, wageni wa mwamuzi wakija kunywa, nilimsikia nyuma ya ukuta: "Ule mutoto wa miguu ya korongo! Miguu inafika mbele, yeye mwenyewe angali nyuma. Namna gani asikanyage nje?" Watoto wa mtaa wakaliokota jina, nikawa Korongo sokoni, Korongo kisimani. Na timu ilikuwa inajiandaa kupanda treni kwenda kucheza Kibombo, safari niliyoiota tangu nijue kudunda mpira. Nililia mbele ya bibi. Hakunibembeleza. Aliendelea kuchambua sombe, akasema, "Anayekupiga sokoni usimlipe chumbani."

Nilianza kuketi karibu na fundi wa picha. Alikuwa mseja, chakula cha mchana alikula kwetu, hangeweza kunifukuza. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka, na kwa kuchoka akanifundisha. Ukisimama juu ya kiti, mrefu anakuwa mfupi. Ukichuchumaa, mfupi anakuwa mnara, na wachezaji wanalipenda sana hilo. Aliye karibu na kamera, ukishuka chini yake, anapanda na kufunika walio nyuma. Usibonyeze kitufe mkono wa mtu ukiwa njiani, ngoja ufike juu.

Sijui kama alielewa alikuwa akimfundisha nani. Mimi nilikuwa namtazama mwamuzi. Niligundua kwamba kila mpira ukitoka upande wa mto, anasogea karibu nasi na kuinua kiganja kile kile, na anakishikilia muda mrefu kwa sababu anajipenda. Nikajaribu kwa jicho moja, bila kamera. Juu ya kiti, mkono wake ulikuwa chini kabisa ya Kiongozi. Nikichuchumaa, ulifika kwenye kidevu chake. Nikihamia kona, kidevu changu karibu mavumbini, kiganja kiliufunika uso mzima.

Alasiri ya Jumamosi adhana ikalia. Fundi alikuwa mtu wa swala. Akaniachia kamera, akaniambia nipige moja tu, palepale juu ya kiti, kisha akaenda nyuma ya shule kutawadha. Nilishuka. Nilikwenda kwenye kona yangu, ile ile niliyonyang'anywa, nikajilaza. Mpira ukatoka. Kiganja kikapanda. Nikangoja kifike juu, kama nilivyofundishwa.

Siku chache baadaye fundi aliingia kwetu bila kupiga hodi, picha ndani ya shati.

"Mutoto, unataka waniweke mu boloko, wanifunge?"

"Njo mimi nilipiga, si wewe."

"Na kamera iko ya nani? Ya bibi yako?"

Bibi akapangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akaipokea. Mwamuzi wetu alisimama mkubwa kama mnara, shavu limejaa filimbi, na kiganja chake kilikuwa kimebandikwa usoni pa Kiongozi kama kofi. Kofia ya chui tu ndiyo ilichungulia juu ya vidole. Bibi alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Fundi alichoma filamu papo hapo kwenye mbabula ya makaa, nyumba ikanuka vibaya hadi usiku. Picha yenyewe bibi alikuwa ameshaikalia.

Jumamosi iliyofuata, watu wamejaa, nyimbo za chama zimekwisha kuimbwa, nilikatiza uwanja nikamwendea mwamuzi. Niliifungua picha ndani ya viganja vyangu, aone yeye peke yake.

"Baba, iko muzuri, eh? Fundi anauliza kama aiweke ku vitrini, watu waone."

Nimeona watu wakiogopa mamba. Sijaona tena uso ukibadilika rangi vile. Aligeukia watu, akapaza sauti: "Sitwayeni huyu, mwananchi mwenzetu, amesamehewa! Chama ni baba, na baba haweki kinyongo!"

Wakampigia makofi. Yeye! Nilirudi kwenye timu, nilipanda treni, Kibombo nilicheza vizuri hata bibi akaniita kwa jina langu kamili. Lakini nilirudi kama mtu aliyehurumiwa, na kikapu changu kikabaki nje. Kwa hiyo sikumwacha. Miaka yote hadi nilipoondoka kwenda chuo kikuu, kila nilipokutana naye njiani nilifungua mkoba polepole sana, nikatoa leso, nikajipangusa pua. Alikuwa ananiamkia kwanza, yeye mtu mzima. Wanangu wakisikia hivyo wananiambia, mama, ulikuwa mbaya. Nawajibu kwamba nilikuwa na mafua.

Nilipoambiwa siku zile za arusi kwamba mwamuzi bado yu hai, nilifurahi. Maiti hawachukiki vizuri. Nilimkuta barazani, miwani minene, shati la mikono mirefu, mjukuu wake akimchemshia chai. Nilimpa picha mkononi, kwa mara ya kwanza.

Aliisogeza karibu na macho, akatabasamu.

"Njo mimi huyu? Angalia mukono. Nilikuwa kijana wa nguvu." Akamwita mjukuu. "Kuja uone babu yako."

Kijana aliangalia kwa adabu. "Na huyu wa nyuma, wa kofia, iko nani?"

Mzee akatazama tena. "Sijui. Watu walikuwa wengi."

Bibi alikwisha kufa, fundi naye. Ukuta wa shule umepakwa rangi mara nyingi, na ule uso ambao tuliogopa hata kuuchezea kwa kivuli, mtoto wa Kindu hautambui. Hofu yenyewe, iliyokuwa imara kuliko daraja, imeondoka bila kuaga. Na mimi niliketi pale na silaha yangu iliyokwisha risasi, nikauliza jambo moja tu.

"Baba, siku ile, mguu wangu ulikuwa ndani?"

Alicheka taratibu, kwa upendo. "Ulikuwa nje, mutoto yangu. Inchi mbili."

Kisha akaomba nimwachie picha, waiweke mbele ya jeneza lake siku ya kilio, kwani hana nyingine nzuri. Aliniomba tena nilipomaliza chai, na tena langoni, ameshika mkono wangu. Niliirudisha mkobani. Watatumia ile ya kadi ya kura, ambayo humfanya kila mtu afanane na mwizi wa mbuzi.