Mwalimu Aliyenifundisha kwa Kinasa Sauti

Juma lililopita binti wa mwalimu wangu wa chuo alinipigia simu: baba yake amefariki, nao wamemzika kwao Munisagara, karibu na reli. Sikuweza kuwahi mazishi. Basi wasomaji wangu mniwie radhi, leo naacha siasa nimshukuru mtu ambaye bila yeye nisingepata kufundisha wala kuandika.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa mwanachuo wa ualimu Kilosa, binti wa mkata miwa wa Ruaha. Vijiji vilikuwa vinangoja walimu, lakini sauti yangu haikuvuka dawati la kwanza. Nilishindwa mazoezi ya kufundisha mara mbili, mkuu wa chuo akaamua nirudi nyumbani. Mwalimu huyu, ambaye kila mara tulimwona amekumbatia projekta akielekea darasani, akamwendea nikiwa nimesimama pale pale.

"Ndugu Mkuu, niachie huyu binti hadi Ijumaa."

"Utamfanya nini? Hasikiki."

"Nitamsikiliza."

Alinipa kinasa sauti na picha alizopiga mashambani kwetu, akaniambia nijifungie stoo ya vitabu, niieleze ile mashine muwa unavyolimwa. Nikaeleza, hapakuwa na macho ya kunitazama. Ijumaa akatundika shuka ukutani, akazimulika picha zile kwa projekta, akawasha kinasa, na sauti yangu ikalijaza darasa. Nilishtuka: kumbe nilikuwa najua! Tulipofika kwenye kuchagua pingili za kupanda, sauti ikakatika. "Betri zimekwisha," akasema, akinitazama. "Mwenye somo yupo, aendelee." Darasa zima likageuka. Mkuu alikuwa amekaa nyuma. Nilisimama, nikaendelea palepale mashine ilipoachia. Mwenzangu mmoja wa Malolo akauliza swali, nikamjibu. Akauliza lingine, na hapo nikasahau kuogopa. Jioni nikaambiwa nibaki chuoni.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea mwalimu wangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari za zile betri. Alicheka mpaka akakohoa. "Zilikuwa mpya, mwanangu."

Siku hizi vyuo vyetu vina kompyuta na skrini pana, nami nafurahi. Ila mara nyingine naingia darasani nikakuta picha zinapita, mwalimu anasoma maandishi ya ukutani, wanachuo wananakili, na hakuna anayeulizwa kitu. Mwalimu wangu alijua mashine imfikishe wapi mwanafunzi, na aizime lini. Ninyi mnaofundisha leo, washeni vyombo vyenu bila woga. Kisha muwe na ujasiri wa kuvizima, mumwachie mwanafunzi aseme.