Mudogo wangu ameomba mafuta ya tumbo yangu

Mudogo wangu Shadia, yule ananiitaka bidoni, dumu ya mafuta, mbele ya watu, leo ameomba mafuta ya tumbo yangu. Wallahi!

Nimemusindikiza kwa dokta kule Kiriri. Anataka wamuongeze makalio, wayajaze na mafuta.

Dokta akamubinya tumbo, akatafuta, akakosa. "Mafuta tunatoa kwa mwili yako mwenyewe. Na we hauna."

Shadia akanigeukia: "Basi chukua ya dada, iko nayo ya kutupa."

Dokta akashtuka. "Apana! Ya mutu mwingine mwili inaikataa, inaoza ndani. Hata yako ikiingia mu mushipa, unaweza kufa."



Mi nikashika tumbo kwa mikono mbili, nikaitikisa mbele ya Shadia.

Kurudi Buyenzi nikanunua sambusa. Akaomba moja.

Nikamukumbusha: dokta amesema kila mutu na yake.