Valvu Iliyotuzuia Mafinga

Mama alikuwa na neno moja tu: Jumapili ya mavuno lazima imkute Kilolo, kanisani kwake, akatoe shukrani. Alikuwa anakaa kwangu Mbeya tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo, na makanisa ya kwetu hakuyadharau, ila shukrani, alisema, hutolewa pale ulipoombewa. Basi lisingemfaa. Akikaa wima muda mrefu mshono ulimvuta. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nikamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari langu la dizeli, nikamfunika blanketi, nikapakia jogoo wake wa sadaka ndani ya tenga, tukaondoka.

Gari lilianza vituko kwenye mlima wa Inyala. Nikikanyaga mafuta linasita, kisha linatoa moshi mweusi wa kutia aibu. Mimi nikikasirika huwa nasema, na siku hiyo nilisema mpaka Makambako: mafuta yamechakachuliwa, aliyeniuzia ni mwizi, nchi hii haina mwenyewe. Mama akaniacha niseme. Karibu na Mafinga malori ya mbao yakaanza kutupita mlimani, na nilipopunguza mwendo injini ikatetemeka, ikazima. Hapo nikanyamaza, maana niliogopa. Kesho ilikuwa ndiyo Jumapili yenyewe.

Wapita njia walitusukuma hadi kwa fundi mmoja, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Nikampa hukumu yangu ya mafuta kabla hajauliza. Alimwaga dizeli kidogo kutoka kwenye chujio, akaitazama juani, akainusa, akasema haina tatizo. Kisha akamsogelea Mama dirishani. Wakasalimiana kamwene kwa Kihehe, akamuuliza anatoka wapi na anawahi nini, Mama akamweleza yote, hadi mshono. Mimi nilikuwa natazama saa.

Aliponiambia niwashe, alichomoa kipira chembamba kilichoingia kwenye valvu moja juu ya injini. Mtetemeko haukubadilika. Akakata kipande cha bati kwenye kopo, akakipachika mahali valvu inapokutana na injini ili kuziba tundu, akaniambia niwashe tena. Gari likatulia. Nilitaka kumkumbatia.

Akanieleza kwamba hiyo ni valvu ya EGR, kazi yake kurudisha moshi kidogo ndani ya injini uchomwe tena. Yangu ilikuwa imekwama ikiwa wazi, kwa hiyo injini ilikuwa inakula moshi wake yenyewe na kukosa hewa. Nikashangaa ni nani aliyebuni kulisha injini moshi, lakini sikuwa na muda wa ubishi. Nikamwambia bati libaki palepale, twende zetu. Wengi hufanya hivyo, na yeye alikiri kwamba wateja wake karibu wote husema vivyo hivyo. Alisema tu kwamba bati jembamba huungua, na likiungua mlimani tutarudi tulikotoka. Yeye angependa aifungue aisafishe, ila itachukua muda. Akaniachia niamue.

Mama ndiye aliyeamua, akiwa amelala vilevile.

"Mimi hospitali hawakuniziba," alisema. "Walinifungua, wakasafisha. Na hilo lifunguliwe."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Aliifungua. Ndani masizi yalikuwa mazito kuliko ya sufuria ya kuni, na Mama aliomba aletewe ayaone. Fundi akayakwangua, akaiosha kwa petroli, akaisugua kwa brashi ya waya, akakata gasketi mpya kwa mkasi. Kisha akaweka mdomo penye kile kipira na kunyonya: pini ya valvu ikapanda. Alipoachia, ikarudi na mlio mdogo. Akarudia ili Mama naye asikie. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikinywa chai niliyoletewa na mkewe, na hasira zangu zote sijui zilikwenda wapi.

Tuliingia Kilolo kabla ya giza, tukipanda ile milima bila moshi. Kesho yake Mama alisimama mbele ya kanisa kwa miguu yake. Akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akawashukuru waliomwombea. "Na fundi wa Mafinga," akaongeza. "Jina sikumuuliza, lakini Mungu analijua." Watu wakaitikia amina kama kawaida.

Baada ya ibada ukafuata mnada wa mavuno, pale nje. Kwetu anayenunua kitu anaweza kumtunuku mtu mwingine papo hapo, na wengi hupenda kumtunuku mchungaji. Jogoo alipoinuliwa, Mama alinifinya mkono. Nikapandisha dau mpaka wenzangu wakaniachia. Mzee wa kanisa akauliza namtunuku nani, nikasema hayupo hapa.

Nilirudi Jumatatu bila Mama. Yeye alibaki nyumbani kwake. Blanketi lilikuwa limekunjwa kwenye kiti cha nyuma, na jogoo kwenye tenga lake alilalamika njia nzima. Pale Mafinga fundi alinikuta nikiegesha, mikono yake ikiwa na grisi. Nilidhani ataulizia valvu.

"Mama aliwahi?"

Nikamwambia aliwahi, tena alisimama mwenyewe. Nilitaka kumwambia na yale aliyoyasema kanisani, nikaishia kumkabidhi jogoo.