Kaseti ya Mapadre Wenye Nywele Ndefu

Enzi zetu, enyi wa rika langu, muziki haukuja kwa simu. Wangu mimi ulikuja mfukoni mwa koti la mitumba.

Nilikuwa darasa la sita, tukiishi kijijini Kwanza, ambako baridi ya Julai haina adabu. Mama alishuka sokoni Kitale akarudi na koti zito lililonifika visiginoni. "Utalijaza," alisema, na mpaka leo sijalijaza. Ndani ya mfuko wake nikapata kaseti. Kwenye jalada walisimama wanaume sita wenye nywele za mabegani, wamevaa kanzu nyeusi na kujifunga kamba viunoni. Mmoja alikumbatia mfuko wa ngozi wenye filimbi, kama mtu anayemnyonga mbuzi. Mwingine alishika kinanda cha kuzungushwa kwa mkono, ndugu kabisa wa mashine yetu ya kupukuchulia mahindi.

Niliitia kwenye redio yetu ya kaseti, na ule mfuko ulipolia, mbwa wetu alikimbilia chini ya ghala. Halafu magitaa ya umeme yakanguruma, ngoma zikaingia, na juu ya vurugu hiyo wale wanaume wakaimba kwa pamoja, polepole, kwa lugha ya Misa za zamani. Yaani kanisa la kale limehamia ndani ya posho mill ya kusaga mahindi! Niliipenda albamu hiyo kuliko mtu yeyote, isipokuwa labda Mama, na siku nyingine hata yeye nilimpunguzia.

Tatizo lilikuwa Mama huyohuyo. Alikuwa soprano mkuu kanisani, na kaseti za nyimbo za dunia alizichoma jikoni pamoja na magunzi. "Wimbo wa dunia huungua vizuri," alikuwa akisema, huku akipuliza moto. Aliponifumania nasikiliza, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye redio. Nikamwonyesha jalada haraka.

"Mama, hawa ni mapadre. Hicho ni Kilatini."

Akakodoa macho. "Mbona hawajanyoa?"

"Huko kwao ni Kwaresima."

Mungu anisamehe. Mama aliketi akasikiliza upande mzima wa kwanza, kisha Jumapili akaipeleka kaseti yangu kwa Mwalimu Wafula wa kwaya, mtu wa Bungoma aliyejua muziki sana ila r na l zilimshinda. Kiitikio kilirudia neno moja tu: taberna, taberna. Mwalimu aliruka kutoka kitini.

"Si hii ni tabelnakuro, bana! Wanaimbia Yesu ndani ya tabelnakuro!"

Basi tukafundishwa. Kwa kuwa hatukuwa na mfuko wa kulia, wanaume wa sauti ya tatu walibana pua. Mashine yetu ya mahindi ilibebwa hadi kanisani, ikazungushwa tupu. Tulikwenda nayo hadi Bungoma kwenye mashindano ya kwaya, mbele ya padre mzee kutoka Ulaya aliyekuwa jaji. Kufika taberna ya nne, padre alianza kutetemeka. Taberna ya nane alifunika uso kwa leso, mabega yakiruka, na waumini wakasema ni Roho. Tukawa wa kwanza. Mama alilia bila kuficha.

Baadaye padre aliniita pembeni, maana mimi ndiye niliyeshika kaseti. "Mwanangu, taberna si tabernakulo. Ni kilabu. Hawa wanaomba waongezewe pombe."

"Utamwambia Mama?"

Alimtazama Mama, ambaye alikuwa akikumbatiwa na akina mama wa Bungoma nzima. "Mimi ni mzee," akasema. "Nimeshasahau."

Nami sijamwambia Mama hadi leo.

Watoto wa siku hizi hawajui raha ya kutojua. Sisi tuliimba tusichokielewa kwa moyo wote. Wao wanaelewa kila neno na hawaimbi. Wimbo ukichelewa kunoga, wanauruka. Nani kati yao amewahi kusikiliza albamu tangu mwanzo hadi mwisho, hata ile sehemu mkanda ulipotafunwa? Juzi binti yangu Njeri alinisikia nikiimba huku naosha vyombo, akauliza simu yake, na kabla sijasuuza sufuria alikuwa na jibu.

"Mum! Ati hii ni ngoma ya walevi! Shosho anajua?"

Shosho, yaani Mama yuleyule, hajui. Shosho, ambaye pumzi zimekuwa chache na kitanda ndicho nyumba yake, ameandika kwa mkono wake wimbo anaotaka aimbiwe siku ya kumzika. Ni huo, beti zote. Nilimweleza Njeri kila kitu, nikamsihi asimwambie, mtoto ambaye hawezi kula chapati bila kuutangazia ulimwengu. Aliingia chumbani kwa bibi yake, nami nikabaki mlangoni na mikono ya povu, naogopa kama siku ile ya Bungoma.

"Shosho," nikamsikia, "si unifundishe ule wimbo wa tabernakulo?"