Noko kwa Mwisho ya Mustari

Glodi alikuwa fotografe, na kukaa pahali moja ilimushinda. Mama yake alikuwa anasema, huyu nilimuzala muguu moja ikiwa tayari barabarani. Kila dimanche utamukuta mbele ya kanisa, kamera yake kidogo kwa shingo, anasimamisha bamama benye kuvaa pagne, kitenge ya mupya: "Mama, hii pagne ikipauka bila picha, itakulaumu."

Njo vile alimupata Orpha, binti ya batu ya Yanonge. Alimupiga picha moja, akapiga ingine, batterie ikakufa, yeye akaendelea tu kufinya. Orpha aliona kama kamera imezimika. Akageuza na upande ingine ya uso.

Alors siku ya kujionyesha kwa famille ya Orpha ikakaribia. Kwa ile famille, mwenye kukata maneno haiko baba, ni noko, ndugu ya mama. Jina yake Apollinaire. Banamupatia glasi ya masanga, pombe ya kwetu: akikunywa, unaweza kuleta mahari; akiiacha, unarudi kwenu na batu yako. Na mbele ya kukunywa, famille mbili zinapigwa picha kwa mustari moja, noko anasimama mwisho kabisa. Yeye njo kufuli. Kufuli haikae katikati ya mulango.

Orpha alikuwa ameshamuambia: noko anapenda vitu kubwa. Saa yake ya ukuta inafunika dirisha. Glodi akajiuliza, nitafika kule na hii kamera ya batoto? Akakimbilia kwa Patrice, fotografe ya baharusi ya batu ya mali.

"Kubwa Patrice, nipatie kamera yako."

"Mwili nakupatia. Jicho hapana. Objectif yangu haitembei bila mimi."

"Niko na objectif yangu."

Patrice akaiangalia sawa samaki ya juzi. "Glodi, hii ni ya kamera kidogo. Ile kitu ndani yenye inashika picha, capteur, kwako iko sawa bisikuti, kwangu iko sawa mukate. Objectif yako inaweka mwangaza ya kutosha bisikuti. Kwa mukate, pembeni itabaki giza."

"Lakini inaingia?"

"Kuingia, inaingia."

"Bon, basi," Glodi akasema, na alikuwa ameshafika kwa mulango.

Siku yenyewe, kiwanja ya noko ikajaa. Nyuma ya kiwanja ni mto, unapita pale pale. Glodi akafika na costume ya rangi ya maziwa, ya kuazima, na ile kamera kubwa. Noko Apollinaire akaitikia na kichwa. "Hii, ndiyo." Glasi ikawekwa kwa meza kidogo. Mustari ikapangwa: tante Adeline, dada ya baba ya Glodi, mwisho ya huku, noko mwisho ya kule, koti imefungwa mpaka shingoni. Glodi akafinya.

"Leta nione," noko akasema. Akavaa lunettes kwa macho. "Mimi niko wapi?"

"Noko iko hapa, pembeni."

"Hapa ni usiku."

Tante Adeline akachungulia. "Mimi nilibaki na bega moja. Glodi, ulitupigia kwa kitako ya bilauri?"

"Nilivaa hii koti na joto yote hii," noko akasema pole pole, "nije kusimama gizani kwangu mwenyewe."

"Noko akuje katikati, huku mwangaza iko mingi."

Orpha akaweka mukono kwa uso. Noko akasukuma glasi mbali naye, kidogo tu, lakini kila mutu aliona.

Sasa njia ilibakia moja. Glodi akatoa kwa sac ile kamera yake kidogo, akarudisha objectif kwake.

"Ile ya batoto?" noko akauliza.

"Ndiyo, noko. Hii haina giza."

Giza, kweli, hakuna. Lakini ile objectif, kwa bisikuti, inaona kipande ya katikati tu. Akachungulia, akaona bamama ya katikati. Akarudi nyuma. Akaona bashangazi. Akarudi tena.

"Nyuma yako ni mto," Orpha akasema.

"Tante Adeline sasa anaonekana."

"Glodi, viatu."

"Noko, naona mukono yako."

"Mukono tu?" noko akauliza.

Glodi akaingia kwa maji. Ikafika magoti, costume ikakunywa. Ikafika kiuno. Batu bakaanza kucheka, bamama bakashikana. "Musiharibu mustari," akalalamika, maji imefika kifuani, kamera juu ya uso. "Noko, naona koti. Koti yote. Naona na viatu." Akafinya.

Akatoka anachuruzika maji sawa pagne ya kufuliwa, akamupatia noko kamera kwanza, mbele ya kujipangusa. Noko akaangalia sana. Alikuwa pale, mwisho kabisa, mwangaza moja na bengine, na alikuwa anacheka meno yote, kitu yenye nyumba yake ilikuwa haijaona tangu zamani.

"Batu bote beko," akasema. "Bon. Na bwana mwenyewe iko wapi kwa hii picha?"

Bwana mwenyewe alikuwa anamwaga maji yenye ilijaa kwa kiatu.

Orpha akavua viatu yake ya talon, akanyanyua pagne, akamunyanganya noko ile kamera, akaanza kurudi nyuma kwa mto. "Glodi, simama kwa mustari. Karibu na kufuli."

Noko akamuangalia Orpha anaingia maji mpaka magoti, akamuangalia na Glodi pembeni yake, anatona maji sawa paa ya nyumba kisha mvua.

"Hawa banafanana," akasema. Akaomba glasi. "Bokilo, mukwe yangu, usinilowanishe koti."

Akakunywa mpaka chini.