Majina Tisa Niliyoyakumbuka

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa getini kwenye machimbo madogo ya dhahabu, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Masumbwe. Kazi yangu ilikuwa moja. Asubuhi kila anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, nilimwandika jina, kijiji chake na saa aliyoshuka. Jioni akipanda juu, nilimwekea alama ya vema. Nilitumia daftari kubwa la jalada gumu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wachimbaji waliniita mama karani, hata wale walionizidi umri.

Bosi wetu, mwenye machimbo, hakuwa mtu mbaya zaidi ya wengine. Ila alipenda kuonekana. Siku moja alishusha kwenye gari kompyuta ya mezani, akaniambia daftari limepitwa na wakati, wakaguzi wakija wakute kitu cha maana. Juma lililofuata alinipeleka Shinyanga mjini kwenye mafunzo ya siku tano.

Tulikuwa kumi na wawili darasani. Wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzijuzi. Mimi nilikuwa nimemaliza zamani, na Kiswahili changu kilikuwa bado kinanuka Samuye nilikozaliwa. Mwalimu alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka. Alitugawia karatasi yenye maneno na maana zake, akatutaka tuyakariri. Kibodi: ubao wa vitufe vya kuandikia. Kipanya: kifaa cha kuelekeza na kuchagua. Kishale: alama inayoonyesha ulipo kwenye skrini. Faili: mkusanyiko wa taarifa wenye jina. Folda: mahali pa kuweka mafaili. Kumbukumbu: sehemu kompyuta inapoweka taarifa. Kuhifadhi: kutunza kazi ukimaliza.

Niliyakariri yote usiku wa kwanza, kama katekisimu. Lakini nilikuwa nimezoea daftari, na mtu wa daftari anataka kujua wino uko wapi. Siku ya tatu nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, haya maneno ninayoandika hapa kwenye kioo, umeme ukikatika kabla sijamaliza, yanakwenda wapi?"

Darasa zima lilicheka. Sijui kama walicheka swali au walicheka namna nilivyolitamka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Mama, kompyuta ina kumbukumbu. Binadamu ndiye anayesahau. Wewe usiogope."

Nikakaa. Nilijisikia mshamba mbele ya watoto. Siku mbili zilizobaki sikuuliza tena kitu chochote, na Ijumaa nikapewa cheti.

Niliporudi machimboni, bosi alikuwa ameshayachukua madaftari yote na kuyafungia stoo. Nilimwomba anibakishie moja, angalau kwa mwezi wa kwanza.

"Hatuwezi kuendesha vitu viwili," alisema. "Nimenunua mashine ili uandike kwenye karatasi?"

Basi nikaanza. Kila asubuhi nilifungua faili jipya, nikaandika majina kadiri watu walivyokuwa wakishuka. Liliachwa wazi mchana kutwa. Jioni, mtu wa mwisho akishapanda, ndipo nilipobonyeza kuhifadhi, kwa sababu karatasi ilisema kutunza kazi ukimaliza, na mimi kazi yangu ilikuwa haimaliziki mpaka wote wawe juu. Kompyuta ilikula umeme wa jenereta lile lile lililovuta maji shimoni.

Wiki ya pili jenereta lilizima mchana kwa dakika chache tu, mafuta yalikuwa yameisha. Lilipowaka tena, skrini ilikuwa tupu. Majina ya asubuhi hayakuwepo. Nilitafuta kwenye folda, nikapekua kila mahali nilipopajua, sikuona. Nikadhani nimebonyeza kitu nisichopaswa. Nikayaandika upya kutoka kichwani, na jioni watu walipopanda nikayasahihisha kimyakimya. Sikumwambia mtu. Nilikumbuka kile kicheko cha darasani, nikaona afadhali ninyamaze kuliko kuchekwa na bosi pia. Hilo najilaumu mwenyewe, simsukumii mwingine.

Siku duara lilipoanguka ilikuwa saa tano asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha sana. Tulisikia kishindo kizito chini ya miguu, kama gari la mizigo limepita ndani ya ardhi, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa shimo. Matimba yaliyoshikilia kuta yalikuwa yamevunjika. Nyaya za pampu zilikatika, na jenereta likazima.

Niligeuka kutazama mezani. Skrini ilikuwa nyeusi.

Waokoaji walikuja upesi, nawashukuru. Wachimbaji wa maduara jirani walifika na sururu zao kabla hata hawajaitwa. Mkubwa wa waokoaji alinijia moja kwa moja.

"Mama karani, chini kuna watu wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Niliwataja kwa majina na kwa vijiji, mmoja mmoja: yule wa Ushirombo, wale ndugu wawili wa Bukombe, mzee aliyekuwa akija na redio. Nilifika tisa. Lakini kichwani mwangu alisimama mwanamume mmoja mwenye jezi ya kijani iliyochanika begani. Aliletwa asubuhi ile na msimamizi wa zamu, ilikuwa siku yake ya kwanza. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," kwa sauti ya chini, akanitajia jina lake, nikaliandika. Lakini jina lenyewe lilikuwa limenitoka. Pia sikuwa na hakika kama alishuka kweli au alitumwa kuchota maji. Msimamizi aliyemleta alikuwa chini na wenzake.

"Tisa," nilisema. "Labda kumi."

Bosi alikuwa pembeni yangu. Aliniuliza kwa ukali, "Labda ndiyo nini? Taja jina la huyo wa kumi."

"Silikumbuki."

"Mashine inasemaje?"

"Mashine imefuta."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akamgeukia mkubwa wa waokoaji na kumwambia, "Andika tisa."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumshika yule mwokoaji mkono, nikamwambia kuna mtu mwenye jezi ya kijani. Nilinyamaza, kwa sababu kazi ya majina ilikuwa yangu na jina sikuwa nalo.

Walichimba kwa siku mbili. Walitoa watano wakiwa hai na wanne wakiwa wamekufa, na msimamizi wa zamu alikuwa miongoni mwa wale wanne. Hao watano walikuwa upande mwingine wa duara, hawakujua nani aliletwa kufanya kazi na msimamizi. Hesabu ilipofika tisa, waokoaji walifunga kamba zao. Siku ya tatu amri ilitoka, shimo lifukiwe kwa usalama wa wengine. Likafukiwa.

Siku ya tano alikuja mwanamke amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka barabara kuu.

"Shikamoo, dada," alinisalimia, ingawa hatukupishana sana umri.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Namtafuta mume wangu. Alisema amepata kazi hapa. Alivaa jezi ya kijani."

Akanitajia jina la mumewe, na mara tu alipolitamka nikalikumbuka, pamoja na kijiji chake, hata mahali lilipokuwa kwenye orodha, mstari wa nne kutoka juu. Nilikwenda naye kwa bosi. Bosi alisema majina yote ya siku ile yamo kwenye taarifa, na huyo hayumo. Huenda mume ameenda machimbo mengine, wanaume wana tabia hiyo. Nikasema nilimwandika mimi mwenyewe.

"Uliandika wapi?" aliuliza. "Nionyeshe."

Wiki iliyofuata nilifukuzwa kazi. Barua ilisema karani alishindwa kuhifadhi taarifa licha ya kupewa mafunzo. Neno kuhifadhi lilikuwa sahihi. Lilitumika mahali pake.

Nilikuja kuelewa miezi kadhaa baadaye, Masumbwe, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala ambako nilipata kibarua. Mwenye duka ni mama wa makamo, hana haraka. Nilipomsimulia, alizima mashine moja mbele yangu, akaiwasha tena, kisha akanieleza kwa Kisukuma chepesi. Kompyuta ina kumbukumbu mbili. Moja ni ya kazi ya sasa hivi, inaishi kwa umeme, na umeme ukiondoka nayo inaondoka na kila ilichobeba. Nyingine ni diski, hiyo hubaki. Kuhifadhi ni kuhamisha kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili, na si lazima usubiri kazi iishe; unahifadhi kila ukiandika mstari. Maelezo hayo yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilitoka nje nyuma ya duka nikalia, tena kwa hasira. Nilikuwa nimeliuliza swali hili hili mbele ya watu, kwa mkono ulionyooshwa.

Mwaka huu yule mjane aliingia dukani. Alitaka kuchapiwa barua ya kuomba cheti cha kifo cha mumewe, kwa sababu bila cheti ndugu wa mume wanamsumbua juu ya shamba. Alinitambua mara moja. Hakunisalimia.

Nikamwuliza jina la marehemu, ingawa nililijua. Akanijibu. Nikamwuliza tarehe. Akanijibu. Nilipofika mahali alipofia, vidole vilisimama.

"Andika," alisema. "Wewe si ulikuwepo?"

Niliandika, nikachapa, nikampa. Alirudi baada ya wiki mbili na barua ile ile, ina mhuri wa ofisi ya wilaya na maandishi ya kalamu pembeni: aambatishe orodha ya waliokuwa kazini siku ya tukio. Aliiweka mbele yangu juu ya kibodi, akasimama akisubiri nimweleze ataipata wapi.