Koki Inayovuja Fundi Akiipa Mgongo

Saa mbili asubuhi, fundi amelala kifudifudi ndani ya ndege ndogo ya viti viwili. Miguu inaning'inia mlangoni, pua imekaribia sakafu. Ananusa. Anafumba macho, ananusa tena.

"Imevuja," anasema.

Anafungua skrubu sita na kuinua ubao wa sakafu. Chini yake ipo koki ya mafuta, ambayo rubani huizungusha kuchagua tangi la kushoto au la kulia. Anaipangusa, anaizungushia kitambaa cheupe, anasubiri robo saa. Kitambaa kinabaki kikavu.

Kwa siku tisa mambo ni hayo hayo. Akifunika, asubuhi hukuta harufu na doa la buluu, rangi ya petroli ya ndege. Akifunua aone, hakuna tone. Amebadilisha pete za mpira mara tatu. Mabomba ameyakaza hadi basi.

"Miaka ishirini na sita nashika spana," anasema. "Sijawahi kuchezewa shere hivi."

Mkewe amekisikia kisa hiki mpaka amekichoka. Alimwambia huenda koki inamwonea haya, kisha akamkataza kusogelea jiko na nguo zile zinazonuka petroli.

Asiyecheka ni mwenye ndege, mama mmoja rubani mstaafu anayemwita fundi mwanangu. Ndege ina miaka hamsini na minane. Cheti cha afya kinachomruhusu mama huyo kurusha ndege kinaisha Ijumaa, naye hatarajii kupewa kingine. Anataka kuruka mara ya mwisho. Jana alileta kalamu na kitabu cha ndege, ambamo fundi huthibitisha kuwa ni salama kuruka.

"Tia sahihi tu, mwanangu. Dakika kumi zinanitosha."

"Petroli ikiwa miguuni pako, cheche moja inatosha pia," fundi alimjibu. "Mama, sitii sahihi jambo nisilolielewa."

Hawakuagana vizuri.

Leo, ubao ukiwa mkononi, fundi anasita. Tundu la ubao linalopitisha fimbo ya kuzungushia koki limeng'aa upande mmoja. Anaitazama fimbo, nayo imekwaruzika upande huo huo. Anaurudisha ubao polepole huku akimulika tochi kutoka pembeni. Ukikazwa, unaisukuma fimbo, fimbo inaipinda koki, petroli inapenya. Ukitolewa, fimbo inanyooka na koki inatulia.

Ubao wa zamani ulikuwa umeoza kwa uzee. Huu mpya aliuchonga mwenyewe, siku tisa zilizopita.

Anakaa chini. "Kumbe mchawi ni mimi," anasema.

Hata sasa hana hakika. Pengine fimbo imeshapinda. Pengine kuna kingine ambacho hajakiona. Anakuna kichwa, anachungulia tundu tena. Atalipanua kwa tupa, atabadilisha pete mara ya nne, atafunika, kisha atanusa kila asubuhi. Pakiwa pakavu hadi Alhamisi, atatia sahihi.

Halafu atamwomba mama yule kiti cha pili. Tangu aanze kazi hii hajawahi kupanda ndege aliyoitengeneza.

"Kama nimekosea," anasema, "nisibaki chini nikitazama."